Daftari la William Still

Sheria ya Marekani ya Septemba 1850 ilimtishia yeyote aliyemsaidia mtumwa mtoro kwa faini ya dola 1,000 na kifungo cha miezi 6. Katika kazi kama hiyo, mtu mwangalifu haandiki kitu. William Still aliandika. Katika ofisi ya chama cha kupinga utumwa mjini Philadelphia, alikoanza kama karani mwaka 1847, aliketi na watoro waliomjia na kuwahoji: jina la utumwani, jina jipya, umri, bwana wake nani, alitorokaje, amewaacha akina nani.

Kwa nini ajihatarishe? Agosti 1850, mwezi mmoja tu kabla ya sheria hiyo, aliingia ofisini mtu aliyeitwa Peter. Alikuwa amejikomboa kwa fedha kutoka Alabama, akiwatafuta wazazi aliotengana nao utotoni. Alipowataja, Levin na Sidney, Still aligundua kuwa aliyekaa mbele yake ni kaka yake ambaye hajawahi kumwona. Mama yao alipotoroka Maryland alilazimika kuwaacha wavulana wawili, kisha akabadili jina kuwa Charity ili asinaswe. Jina lililomlinda mama ndilo lililomfichia mtoto njia kwa miaka 40. Daftari la Still lilitibu jeraha hilo hasa: jina la kale na jipya katika ukurasa mmoja.

Yaliyotoka nje ya ofisi yalifumbwa. Mwaka 1856 Joseph Bustill, mshirika wake, alimpelekea Still simu ya maandishi kutoka Harrisburg akieleza kwamba ametuma mapaja ya nguruwe, manne makubwa na mawili madogo. Walikuwa watu wazima wanne na watoto wawili, wakija kwa reli ya Reading badala ya ile ya kawaida.

Udhaifu wa kutunza daftari hilo ni dhahiri: msako mmoja wa ofisi ungewafichua mamia. Hata hivyo naamini Still alipima sawasawa. Bila daftari lake, maandishi mengi yaliyobaki kuhusu watu hawa yangekuwa ya mabwana, yenye bei za watumwa wao. Baada ya shambulio la mpinga utumwa John Brown huko Harpers Ferry mwaka 1859, kwa hofu ya msako, alizificha karatasi katika jengo la makaburi ya Lebanon. Mwaka 1872 akazichapisha kama kitabu.