Utamu Uko Kwenye Mshono

Wimbo “Bohemian Rhapsody” wa bendi ya Queen una dakika 5 na sekunde 55, na ndani yake hamna kiitikio hata kimoja. Hilo peke yake linatosha kumchanganya msikilizaji wa Vidunda, Kilosa au Mikumi anayekutana nao leo kwenye simu, maana sikio lililolelewa na redio hungoja kiitikio kama abiria anavyongoja kituo. Wanaousifu husifu sauti, kinanda, gitaa la Brian May, au husifu kwamba mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Sifa hizo zinahusu vipande na mwenye vipande. Lakini vipande vyenyewe havikuwa vigeni hata wimbo ulipotoka: wimbo wa polepole ulikuwepo, opera ilikuwepo, roki nzito ilikuwepo. Ufundi uko kwenye mishono inayovishika pamoja, na mtu wa mkoa wa Morogoro ana sababu ya kuisikia mishono hiyo upesi kuliko anavyodhani.

Wimbo unafunguliwa na sauti tupu zikiimba kwa pamoja. Karibu na sekunde ya 49 kinanda kinashika wimbo wa mtu mmoja. Dakika ya 2 na sekunde 37 gitaa la solo linaingia, na kwenye 3:05 inaanza opera. Roki nzito inalipuka kwenye 4:07, halafu haifikishi hata dakika moja kabla ya kuanza kutulia hadi mwisho. Sasa simama kwenye mpaka kati ya gitaa na opera. Gitaa linamalizia katika ufunguo wa E flati, opera inafungua katika A, na hakuna ufunguo ulio mbali zaidi na E flati kuliko huo. Besi inashuka, vyombo vinanyamaza, kinabaki kinanda kikidonoa kodi moja (ile ya wanamuziki, si ya serikali) kwa sauti ndogo. Ufunguo umebadilika, vyombo vimebadilika, hata tabia ya wimbo imekuwa ya kimzaha. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni mapigo. Hesabu iliyokuwa chini ya gitaa ndiyo hiyo hiyo iliyo chini ya kinanda, ila sasa imekatwa nusu kwa nusu na kusikika ya haraka. Mwili unaendelea kuhesabu wakati akili imepotea njia, na ndiyo maana hakuna anayeuzima wimbo pale. Mshono unaofuata umeshonwa kinyume kabisa. Opera inapofika mwisho, sauti zinapandishwa juu ya B flati hadi Roger Taylor wa Queen anagusa kilele, na yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya kanisani anajua kwamba B flati ikishikiliwa namna ile inadai kuangukia E flati. Roki inapolipuka katika E flati, sikio halishtuki. Linalipwa deni lake. Mshono mmoja umeshikwa na mapigo, mwingine na ufunguo. Mercury angetumia uzi ule ule mara zote mbili, mara ya pili tungeiona sindano.

Kazi ya mikono ilikuwa nzito. Kurekodi kulianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield huko Wales, mtayarishaji akiwa Roy Thomas Baker. Mkanda ulikuwa na njia 24 tu, na kwaya nzima ya opera ni watu watatu: Mercury, May na Taylor. Waliimba, wakaimba tena juu ya walichoimba, kisha njia zilizojaa zikaunganishwa kuwa chache ili nafasi ipatikane ya kuongeza nyingine. Hutajwa kwamba sauti zilizorundikwa zilifikia karibu 180, na kwamba mkanda ulipita kwenye mashine mara nyingi hadi ukaanza kupitisha mwanga. Baker mwenyewe amesimulia jinsi kipande cha opera kilivyokuwa kikirefuka, Mercury akileta nyongeza naye akiongeza mkanda. Basi neno mshono hapa si mapambo ya mwandishi. Kulikuwa na wembe na gundi kweli.

Muziki wa dansi, ambao Morogoro ilikuwa mmoja wa miji yake mikuu kupitia Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, nao ulijengwa juu ya mshono. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akatoa kisa chake, kisha huja chemko: maneno yanapungua, magitaa yanasukana, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, na aliyekuwa amekaa anasimama. Mpenzi wa dansi hapimi bendi kwa sehemu ya kwanza wala ya pili tu, anaipima kwa jinsi ilivyovuka. Tena santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo nyimbo nyingi za Afrika Mashariki zilikatwa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, msikilizaji akainuka kugeuza. Queen walikataa kukatwa. Wimbo wote ulibanwa upande mmoja, na ulipotoka tarehe 31 Oktoba 1975 ulikwenda kukaa wiki tisa kileleni mwa chati ya Uingereza.

Atakayepinga atasema chemko ni mshono mmoja, umewekwa kwa ajili ya miguu, na kuulinganisha na kazi hii ni kujipendekeza. Kweli tofauti ipo, na ni kubwa: dansi hupanda moto na kubaki juu, kwa sababu mwamuzi wake yuko ukumbini anacheza, Mercury anapanda kisha anashuka hadi ukimya, kwa sababu mwamuzi wake ameketi mbele ya gramafoni. Lakini sikio linalojua kungoja mvuko mmoja halihitaji shule mpya ili kungoja minne. Mwingine atasema Queen si roki ya progresivu halisi, ile ya nyimbo ndefu za sehemu nyingi, kwamba jina hilo ni la Pink Floyd, ambao “Echoes” yao ya 1971 ina dakika 23, au Yes, ambao “Close to the Edge” ya 1972 inameza upande mzima wa santuri. Kama kipimo ni urefu, wana haki. Kama kipimo ni wimbo wa sehemu nyingi zisizorudiwa, Mercury alifanya jambo lile lile ndani ya dakika sita, na ufupi ulimnyima nafasi ya kuficha mshono mbovu nyuma ya solo ndefu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la jukwaani: Queen hawakuweza kuiimba opera mbele ya watu, walitoka jukwaani na kuacha mkanda ucheze. Hapo nakubali nusu. Bendi iliyorekodi kwa mkupuo mmoja Redio Tanzania ilikuwa na ujasiri ambao Rockfield haikuudai. Ila mkanda wenyewe ulikuwa chombo cha kazi hii kama gitaa lilivyokuwa.

Na Unguja? Katika opera hiyo lipo neno moja la Kiarabu ambalo Wazanzibari wengi hulitamka kabla ya kula, na wapo wanaojenga juu yake ukoo mzima wa taarabu. Neno moja halijengi ukoo. Mercury alisoma Panchgani, India, akapigia kinanda bendi ya shule huko, na familia yake iliondoka Zanzibar mwaka 1964. Anayetaka kumsikia kama fundi aanzie 2:37, agonge meza kwa kidole kufuata gitaa, na asiache kugonga inapofika 3:05.