Upindo wa Leso

Leso hainunuliwi ikavaliwa papo hapo. Hutoka dukani doti nzima, vipande viwili vimeshikana, ikaenda kwa fundi aliyekaa barazani na cherehani yake. Leo nimewaletea mafundi wa Biashara Street, Mombasa, doti 12 za akina mama wa kanisa letu, Rabai.

Fundi hapimi. Anakata doti katikati, anaviringisha ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, upana wa nusu ukucha, kisha anaupitisha chini ya sindano huku mguu ukikanyaga taratibu. Uzi huuchagua kwa rangi ya pindo, si ya mji, ile sehemu ya katikati. Akifika mwisho hurudi nyuma kidogo, mshono usije ukafumuka. Kazi hii haisifiwi na mtu. Leso ikishavaliwa, macho yote yako kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake.

Na kanisa letu husifiwa hivyo hivyo, kwa yale yanayosomeka kwa mbali. Mmisionari Johannes Rebmann anatajwa kwa sababu ya theluji ya Kilimanjaro aliyoiona 1848. Mimi namheshimu kwa kukaa. Mwenzake Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakapanda Rabai. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kilema, tayari yu mahututi. Kwa hiyo hata huyo mmoja hawakukaa naye. Krapf akaondoka 1853. Rebmann akabaki na waumini wa kuhesabika kwa vidole, mpaka 1875 aliporudi kwao macho yamekaribia kuzima.

Akiwa bado yuko huko, wakaja waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa na kulelewa India, kina George David na William Jones, wakafundisha na kuhubiri. Wakaja na watoro waliokimbia mabwana zao, na Rabai ikawapa pa kulala. Ibada ya Jumapili ikaendelea. Nani aliwasha taa, nani alifagia, nani alifundisha watoto nyimbo? Hao ndio ninaowawaza cherehani inapolia.

Kwenye doti ya saba fundi akasimama. Mshono ulikuwa umeruka, pengine mara tatu, karibu na kona. Akachukua wembe, akaanza kufumua.

"Iache tu, fundi," nikamwambia. "Haionekani."

"Itafuliwa, mama," akasema, akatia uzi upya.