Zaid, Amr na Nakala ya Programu: Hoja ya Kihanafi Katika Darsa la Kishafii



Ipo hoja inayosikika katika darsa zetu za Dodoma, Kondoa na Singida, hasa wanapokaa vijana wa vyuo. Wanasema hakuna ubaya Mwislamu kunakili programu ya kompyuta iliyoandikwa na mtu mwingine kisha akaiuza, kwa kuwa programu ni elimu, elimu haifichwi, na mwenye kuiandika hakupungukiwa na kitu: bado anayo ile ile kwenye kompyuta yake. Wenye kusoma zaidi huitegemeza hoja hii kwa jina kubwa, Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, aliyefariki mwaka 1976. Makala haya yanakusudia kuihakiki hoja hiyo kwa mizani ya madhehebu tunayoyasoma wenyewe.

Tuiweke mas'ala kwanza, kama mafakihi wanavyoiweka. Zaid ni kijana aliyesomea kompyuta. Ametumia miezi minane kuandika programu ya kutunza hesabu za maduka ya dawa. Anaiuza kwa sharti la maandishi kuwa mnunuzi aitumie katika duka lake moja, asiinakili wala asimuuzie mwingine. Amr ana kibanda cha steshenari. Mnunuzi wa Zaid anampelekea Amr kompyuta yake aitengeneze, Amr anainakili programu kwenye flashi, anamlipa fundi avunje ufunguo wake, kisha anaiuza kwa maduka mengine kwa robo ya bei. Zaid anapobisha hodi katika duka la tano, anaambiwa, "Hiyo tunayo tayari, kaka." Je, fedha aliyoipata Amr ni halali?

Tumtendee haki Mufti Shafi kwanza. Yeye alizungumzia uchapaji wa vitabu, na alizungumza kama Hanafi. Kwa Mahanafi wa mwanzo, mali ni kitu chenye kushikika na kuhifadhika; manfaa peke yake si mali, na haki tupu isiyo na kitu nyuma yake haiuzwi. Tena aliogopa wachache wasije wakahodhi vitabu vya dini na kupandisha bei. Hofu hiyo ni ya mwanachuoni anayeujali umma, wala haidharauliki. Lakini wanaomtaja hawasemi kuwa jambo hili halikukubaliwa hata nyumbani kwake. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, ambaye naye ni Hanafi, aliandika juu ya uuzaji wa haki tupu akafikia kuwa haki ya mtunzi ni yenye kuzingatiwa. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha azimio Na. 43 kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na jina la biashara ni haki za wenyewe zenye thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia.

Lakini hata bila ya azimio hilo, sisi tunatafuta nini katika fiqhi ya Kihanafi? Mtoto wa madrasa ya Kondoa huanza na Safina, akaenda kwa Abu Shujaa, na akijaaliwa akafika kwenye Minhaj ya Imam an-Nawawi. Njia hiyo yote ni ya Kishafii. Na kwa Mashafii manfaa ni mali. Maulamaa wetu wanapoieleza biashara husema kuwa ni mkataba wa kubadilishana mali unaomilikisha kitu chenyewe, au manfaa ya kudumu. Haki ya kupita katika kiwanja cha mwenzako inauzwa, ingawa anayeinunua haondoki na hata konzi moja ya udongo.

Afungue basi mwanafunzi mlango wa sulhu katika Minhaj, asome pale Imam an-Nawawi anapozungumzia mtu anayeuza haki ya kujenga juu ya ukuta wake. Kauli iliyo sahihi zaidi, asema, ni kuwa mkataba huo una mchanganyiko wa kuuza na kukodisha: si mauzo kamili, kwani ukuta haukuhama, wala si ukodishaji kamili, kwani muda haukuwekwa. Mimi sioni katika vitabu vyetu mfano ulio karibu zaidi na leseni ya programu kuliko huu. Mwenye duka la dawa amenunua haki ya kuegemeza boriti zake kwenye ukuta wa Zaid. Ukuta ni wa Zaid. Sasa Amr anapita mtaani akiwauzia watu haki ya kuegemea ukuta huo huo, na mwenyewe hajauliziwa! Kuambiwa kuwa ukuta haukupungua hata tofali hakumsaidii kitu.

Hoja ya "hakupungukiwa" inaangukia hapo hapo. Katika mlango wa ghasbu, madhehebu yetu yanasema manfaa ya kitu kilichonyang'anywa yanalipiwa. Mtu akiichukua nyumba ya mwenzake akakaa mwezi mmoja na kuirudisha nzima, anadaiwa kodi ya mfano wake. Mahanafi katika asili ya madhehebu yao hawamtozi. Kwa hiyo anayetetea nakala ya Amr kwa sababu kitu cha Zaid kipo kizima ameazima tena kauli isiyokuwa ya madhehebu yake, na sidhani kama analijua hilo.

Imebaki hoja ya elimu kutofichwa, nayo ndiyo inayowagusa watu wengi. Hadithi ya onyo kwa mwenye kuficha elimu inajulikana. Lakini anayeulizwa swala inavyoswaliwa si sawa na anayetakiwa kutoa kazi ya mikono yake bure. Mtume (s.a.w.) aliukubali ujira wa masahaba waliomsomea mgonjwa Kitabu cha Allah, kama ilivyo katika Bukhari. Abu Nu'aym al-Fadl bin Dukayn, mmoja wa masheikh wa Bukhari, aliyefariki mwaka 219 Hijria, alilaumiwa kwa kuchukua malipo katika kufundisha Hadithi. Akajibu kwamba nyumbani kwake wamo watu kumi na watatu na hakuna hata mkate mmoja. Walikuwepo waliolichukia jambo hilo, akiwemo Imam Ahmad. Lakini hiyo ni Hadithi ya Mtume, sio hesabu za duka la dawa.

Watu wa kwetu wangeielewa zaidi mas'ala hii kwa maji. Sisi ni watu wa nchi kavu, na mji wetu unakunywa kutoka visima vya Makutupora. Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuia maji yaliyozidi. Mashafii wakasema: aliyechimba kisima kwa haja yake ana haki kuliko wengine, na ziada yake ataitoa kwa mwenye kiu na kwa mifugo, lakini halazimiki kuitoa kwa shamba la mtu. Na maji yakishatiwa katika chombo ni milki ya aliyeyateka. Mwanafunzi maskini aliyenakili programu ya kujisomea, pengine tungemlinganisha na mwenye kiu. Sheikh Ibn Uthaymin alipoulizwa alitofautisha kati ya anayenakili kwa matumizi yake na anayefanya biashara: wa kwanza alimtarajia nafuu, wa pili akamkataza. Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia, katika fatwa Na. 18453, ilikaza zaidi. Ikakataza kunakili programu ambazo wenyewe wamezuia, awe mwenyewe Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu ambaye hatupigani naye vita. Tofauti hiyo ina nafasi yake. Lakini Amr haingii katika kauli hata moja kati ya hizo mbili, kwa sababu yeye si mwenye kiu. Yeye amekuja na mkokoteni na madumu ishirini kwenye kisima cha mwenzake, na anakwenda kuuza sokoni.

Upande wa pili nao haujasalimika. Baadhi ya makhatibu wanaokataza biashara hii hutosheka kusema kuwa Serikali imeikataza. Ni kweli, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Lakini msikilizaji anayeambiwa hivyo tu ataogopa ukaguzi na hatamwogopa Zaid. Hii ni haki ya mja, nayo haifutwi kwa istighfari peke yake. Aya ya 29 ya Surat an-Nisaa imeweka ridhaa kuwa sharti la biashara, na ridhaa ya Zaid haipo. Ingekuwepo, hukumu ingegeuka: zipo programu ambazo wenyewe wameruhusu kunakiliwa na hata kuuzwa, na mwenye kuuza nakala zake hana lawama. Al-Maktaba ash-Shamila, ambayo masheikh wengi wanayo, imetolewa bure na waliyoiandaa.

Basi Amr akitubu, aache kuuza, ahesabu nakala alizouza, na amwendee Zaid. Anadaiwa ujira wa mfano kwa kila nakala, yaani bei ya Zaid, sio ile robo aliyoipokea yeye. Zaid akisamehe au wakasuluhishana kwa pungufu mbele ya imamu wa msikiti wao, ni haki yake. Wenye maduka walionunua bila kujua hawana dhambi kwa yaliyopita, lakini tangu siku waliyojua wanatumia haki ya mtu, wakubaliane naye au waifute.

Jambo moja azimio la Kuwait halikuligusa, nalo ni muda. Sheria yetu inampa mtunzi uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa Mashafii manfaa ya kudumu hurithiwa, na kwa hesabu hiyo warithi wa Zaid wangeishika haki hii vizazi na vizazi, nayo ndiyo ile hofu ya Mufti Shafi imerudi kwa mlango mwingine. Wenye kufundisha mirathi watuandikie juu ya hilo. Wallahu a'alam.