Nani Kamtuma? Saikolojia ya Muuaji katika Mindhunter

Tamthilia ya televisheni ya Mindhunter, iliyotoka kwa misimu miwili tu (2017 na 2019), haina muuaji wa kutafutwa kama tulivyozoea katika riwaya za upelelezi. Muuaji yuko jela tayari, tena anaongea vizuri kuliko askari. Wapelelezi wawili wa FBI, Holden Ford na Bill Tench, wanakaa naye mezani, wanawasha kinasa sauti, wanamuuliza alivyolelewa. Fani yote imo mezani pale, na imefanikiwa kweli: bila damu, mtazamaji anaogopa.

Tatizo langu ni maudhui. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hachimbui roho ya mtu. Anachimbua ukoo, nani mtoto wa nani, mali inakwenda kwa nani. Nilipoitazama Mindhunter na majirani huku Tandika, Temeke, mama mmoja aliniuliza: “Mwanangu, huyu sasa nani kamtuma?” Vijana wakacheka. Mimi nasema lile ni swali la kihakiki, na tamthilia haina jibu lake.

Tuchukue mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshamiri Kanda ya Ziwa kuanzia 2007 hivi. Muuaji wa namna ile alihitaji mnunuzi, na mganga wa kumwaminisha huyo mnunuzi. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa. Hao ungewaketisha mezani ukawauliza habari za utoto wao, ungepata hadithi, sawa. Mnunuzi je? Yuko kwake anakunywa chai.

Lakini tusilishangilie mno swali la mama yule. Ni hilohilo, likiulizwa msibani Shinyanga au Mwanza, lililowaponza vikongwe wenye macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni miaka nenda rudi. Mtoto kafa, nani kamroga? Bibi jirani.

Na hapa ndipo Mindhunter, pamoja na usomi wake wote, inapofanana na sisi. Edmund Kemper, muuaji wa kweli aliyemuua mama yake mwaka 1973, anaeleza kwa upole kwamba mama ndiye aliyemharibu. Wapelelezi wanatikisa vichwa, wanaandika. Mama mwenyewe hana mdomo. Habari zake tunazipata kwa aliyemuua! Jamani, huo ni ushahidi gani? Lugha ni ya saikolojia, ila mwenye kosa ni mwanamke yuleyule.

Msimu wa pili ni bora, kwa sababu kina mama wanapata mdomo. Ni Atlanta, 1979 hadi 1981, watoto weusi wanauawa, na Camille Bell, aliyempoteza mwanawe, hajali wasifu wa muuaji uliochorwa na Ford. Anauliza kwa nini polisi walichelewa kuona kwamba watoto wanakwisha. Wayne Williams alipatikana na hatia mwaka 1982, lakini kwa kuua wanaume wawili watu wazima. Kesi nyingi za watoto zikafungwa kwa kumbebesha yeye bila kushtakiwa kwazo. Mwaka 2019, mwaka uleule msimu huu ulipotoka, meya wa Atlanta alitangaza kwamba vielelezo vitapimwa upya.