Redis Waligusa Pasipoguswa

Tarehe 20 Machi 2024 Redis walikosea, na sijasikia hoja ya kibiashara inayonishawishi vinginevyo. Waliiondoa leseni huria ya BSD kwenye kiini cha hifadhidata yao na kuweka leseni za RSALv2 na SSPLv1, ili watoa huduma za wingu wasiuze kazi yao bila kulipa.

Tazama walichokuwa nacho mkononi. Tangu toleo la 4.0, mwaka 2017, Redis inapokea moduli. Unaandika mstari mmoja ndani ya redis.conf, loadmodule na mahali lilipo faili lako la .so, programu inawaka na uwezo mpya. BSD haiulizi faili hilo lina leseni gani. Masharti yake ni matatu: tangazo la hakimiliki libaki kwenye msimbo, libaki pia kwenye programu iliyokwisha kujengwa, na majina ya waandishi yasitumike kuipigia debe bidhaa yako. Ukitaka kufunga nyongeza yako na kuiuza, uza. Kampuni yenyewe ilifanya hivyo: bidhaa yake ya kuuza, Redis Enterprise, ilijengwa juu ya kiini hicho hicho.

Basi mapato yalikuwa ya kulindwa kwenye moduli, na huko mlango ulikwisha kufungwa. Agosti 2018 waliweka Commons Clause, sharti linalokataza kuuza, kwenye moduli ya RediSearch na wenzake. Sikuipenda siku ile na siipendi leo. Kuandika Apache 2.0 juu, kisha kukataza kuuza chini yake, ni kumchanganya msomaji wa leseni. Lakini kiini hakikuguswa, na tuliahidiwa kitabaki BSD.

Karibu miaka sita baadaye ahadi ikavunjwa, na walioumia ni wasiokuwa na ugomvi na mtu: waliochangia msimbo wakiiamini BSD, na walioandika moduli zao wenyewe. Siku nane tu zikapita. Tarehe 28 Machi Linux Foundation ikatangaza Valkey, iliyotokana na Redis 7.2.4, ikiungwa mkono na AWS, Google Cloud na Oracle. Waliokusudiwa kubanwa wakapata kiini chao, chini ya BSD ileile.

Salvatore Sanfilippo alipoianzisha Redis mwaka 2009 alichagua sawasawa. Watu wa hifadhidata ya PostgreSQL nao wameshikilia leseni yao ya ruhusa pana. EnterpriseDB wanauza bidhaa zilizofungwa juu yake na hakuna aliyekimbilia kubadili leseni ya kiini.

Redis 8 ya Mei 2025 ni kazi nzuri, utafutaji na JSON vimo ndani. Imeongezwa pia AGPLv3, ambayo OSI, shirika linaloidhinisha leseni huria, wanaitambua, tofauti na SSPL. Lakini mwandishi wa nje anayeichukua kwa AGPLv3 na ana moduli ya kuuza atahitaji mwanasheria kabla ya kuandika ule mstari wa loadmodule, kwani leseni hiyo inaweza kumtaka afungue msimbo wake pia. Kampuni haina hofu hiyo juu ya moduli zake. Kama wewe ndiye mwandishi huyo, jenga juu ya Valkey.