Vilho Tuulos: dhahabu fupi, shaba ndefu

Ukihesabu medali tu, utadhani Vilho Tuulos wa Ufini alianza juu akawa anashuka: dhahabu ya miruko mitatu Antwerp mwaka 1920, shaba Paris 1924, shaba nyingine Amsterdam 1928. Futi kamba ina habari tofauti. Dhahabu aliipata kwa mita 14.505. Shaba ya Paris ilimdai mita 15.37.

Tuanze na mchezo wenyewe. Mrukaji huja mbio, hukanyaga ubao, hutua kwa mguu uleule aliorukia, huvuka kwa mguu wa pili, kisha hujitupa mchangani. Mguu umegusa ardhi mara tatu, na kila mguso unakula kasi. Anayepaa mno kwenye mruko wa kwanza hushuka kwa kishindo. Goti linakunjika, na mruko wa pili unageuka hatua ya kujinusuru asianguke. Hapo ndipo sentimita nyingi hupotelea.

Sasa rudi Antwerp. Mvua ilikuwa imelowesha uwanja, njia ikawa laini na nzito. Wa kuruka chini hulipa ushuru wa njia hiyo mara moja, ubaoni. Wa miruko mitatu hulipa mara tatu. Rekodi ya dunia, ya Dan Ahearn wa Marekani tangu 1911, ilikuwa mita 15.52, lakini siku ile hakuna aliyefika hata 15. Tuulos alimshinda Folke Jansson wa Uswidi kwa sentimita 2.5, hazijai upana wa vidole viwili.

Mwaka 1923 alifika 15.48. Mwaka uliofuata, Paris, alikuwa wa nne pia katika kuruka chini kwa mita 7.07, ishara kwamba kasi anayo. Bahati mbaya, Nick Winter wa Australia aliruka 15.525, rekodi mpya ya dunia, na Luis Brunetto wa Argentina 15.425.

Amsterdam, akiwa na miaka 33, alipata 15.11. Mshindi, Mikio Oda wa Japani, alikuwa na 15.21.

Hukumu yangu: kazi bora ya Tuulos kwenye Olimpiki ni shaba ya Paris. Mita zile 15.37 zingempa dhahabu Antwerp, na zingempa tena Amsterdam.