Senta bolti iliyokatika tena

Land Cruiser ikitoka Sumbawanga kwenda Muze hushuka takriban mita 1,000, kutoka kwenye baridi ya uwanda wa Ufipa hadi kwenye joto la Bonde la Ziwa Rukwa, kupitia ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Kurudi, hupanda na magunia. Senta bolti ya springi za nyuma ikikatika, hakuna ajabu. Ninayemstaajabia mimi ni fundi anayeletewa gari lile lile, kwa ugonjwa ule ule, kwa mara nyingine.

Fundi wa haraka huchomeka bolti mpya, akapokea hela yake. Huyu ninayemsifu huichunguza kwanza ile iliyokatika. Anajua haikuwekwa pale ibebe mtikisiko. Kazi yake ni kushika springi pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Zinazobana ni yubolti. Nati zake zikilegezwa na rasta za barabara ya changarawe, ekseli huanza kucheza, na kila shimo humalizia hasira yake kwenye kichwa cha bolti ile ndogo. Basi anatafuta ulegevu: unga mwekundu wa kutu, chuma kilichong'arishwa na msuguano, tundu lililopanuka kwenye kitako cha springi juu ya ekseli. Huku anahoji: "Kaka, ulipakia nini? Mara ya mwisho nani alikaza?"

Anasugua kitako hadi chuma kitupu kionekane, kwa kuwa tope likibanwa katikati litasagika na kuacha nafasi. Yubolti zilizovutika hazirudishi. Anakaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, na mkazo wa mwisho anaungoja mpaka gari likanyage chini kwa matairi yake. Kisha analiachia liende na mzigo, kwa sharti la kurudi likazwe tena.

Ufipa ilikuwa na wafua chuma hodari. Chuma kilichotoka kwenye malungu, matanuri marefu yaliyojivutia hewa bila mivukuto, kilisafishwa tena katika kintengwe, tanuri dogo. Sidai kwamba fundi wa gereji amerithi kitu kutoka kwao, ila subira ya kurudia kazi iliyoonekana kwisha naiona kwa wote wawili.

Madereva wengi hawarudi: gari limetulia, mzigo mwingine unangoja. Fundi huwapigia simu. Wakija, nati hukubali kuzunguka kidogo tena, na kidogo hicho ndicho kilichokuwa kikikata bolti.